Kiti Kitupu cha Rasi Chongoni

Mwenda kuchukua hubeba nafasi. Ndivyo Bi Saumu alivyomwambia bwana harusi jana, alipoona gari alilokuja nalo kumchukua mke wake limejaa marafiki zake, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka Rasi Chongoni, na chanzo chake ni hiki.

Rasi Chongoni ni ulimi mwembamba wa mchanga ulioingia baharini kwa urefu wa kilomita mia mbili na kumi. Mji wa Shingoni uko mwanzoni mwake, kijiji cha Nchani kiko mwisho. Katikati hakuna mto wala duka, na visima vichache vilivyopo vina maji ambayo hata punda huyanywa kwa kusita. Watu wa Nchani waliishi kwa kuchimba chumvi na kukausha papa. Zamani safari kutoka Shingoni hadi Nchani ilichukua siku tisa kwa punda.

Bunu Famau alizaliwa Nchani, lakini alipofika miaka saba alipelekwa Shingoni kwa mjomba wake ili apate shule. Alisoma, akawa mpimaji wa hali ya hewa. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kukitazama kipimo cha mvua, na karibu kila siku aliandika sifuri. Watu walimcheka. Yeye alisema sifuri nayo ni habari.

Baba yake alipofariki, mama yake, Bi Mwanatumu, alibaki peke yake Nchani, akakaa eda. Bunu na mkewe Mwanashee walikubaliana kwamba mama aje kuishi nao. Chumba kilipakwa chokaa, kitanda kikanunuliwa. Bunu akatuma barua ya mstari mmoja: "Mama, eda ikiisha nitakuja." Hakuongeza neno. Aliona jambo lenyewe liko wazi.

Mwaka huo greda la kuchonga barabara lilikuwa limefika Nchani kwa mara ya kwanza. Bunu alikuwa na Landrova kuukuu, lakini hajawahi kuiendesha zaidi ya kilomita thelathini kutoka nyumbani. Alitumia wiki sita kuipanga safari. Aliandika kila kitu nyuma ya fomu za mvua: mchangani gari litakula lita moja kwa kilomita nne, kwenda na kurudi ni lita mia moja na tano, ongeza arobaini za tahadhari. Aliandika saa za maji kupwa, kwa sababu kuna kipande ambacho barabara hupita ufukweni na bahari ikijaa hakuna barabara. Alichukua magurudumu mawili ya akiba, majamvi ya kutandika chini ya tairi, madumu matano ya petroli na manne ya maji. Kila kitu kikapangwa nyuma ya dereva, juu ya kiti na chini ya kiti, mpaka kioo cha nyuma kikaziba.

Mwanashee alisimama mlangoni akitazama.

"Mume wangu, unakwenda kwa mama yako au vitani?"

"Nakwenda mahali ambapo dumu likipasuka, hakuna jirani wa kumwazima."

"Na mama atakaa wapi? Juu ya petroli?"

"Nimeshapiga hesabu. Tukifika, petroli itakuwa imepungua na maji pia. Asubuhi ya kurudi nitajaza tangi, madumu matupu nitayafunga juu ya paa, kiti kitakuwa wazi. Kwenda na kiti kitupu ni kupoteza nafasi."

Mwanashee aliipitia hesabu hiyo mstari kwa mstari. Hakuona kosa. Kweli, katika hesabu hakukuwa na kosa.

Walisafiri siku mbili, Mwanashee akiwa mbele kando ya mumewe. Walizama mchangani mara moja, wakatoa upepo kidogo kwenye tairi, wakatandika majamvi, wakatoka. Ufukweni walipita wakati maji yamekupwa. Siku ya pili alasiri wakaingia Nchani, wakiwa na petroli na maji kwa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye fomu.

Bi Mwanatumu alikuwa amekaa barazani, amevaa nguo safi, na bunda la nguo zake limefungwa kwa kamba liko pembeni. Eda ilikuwa imeisha siku tatu nyuma. Aliinuka, akamkumbatia mwanawe, akamkumbatia mkwewe. Kisha akalizunguka gari polepole. Alipofika dirisha la nyuma aliweka kiganja kwenye kioo, akachungulia ndani. Akarudi barazani, akalichukua lile bunda, akaingia nalo ndani.

"Karibuni, wanangu," alisema alipotoka. "Mtakaa nasi siku ngapi?"

"Siku mbili, mama," alijibu Bunu. "Kisha twende sote. Chumba chako kiko tayari."

"Ahsante baba. Nyinyi ni watoto wema. Mungu awazidishie."

Hakusema kwamba atakwenda. Usiku ule alikuwa ameshalifungua bunda. Kesho yake nguo zake zilionekana zimetundikwa kwenye kamba ileile ya zamani. Alimpikia mwanawe wali wa papa kama alivyoupenda utotoni, akamwangalia akila, yeye mwenyewe hakula sana. Bunu aliziona nguo, akahitimisha kwamba mama hataki kuliacha kaburi la mumewe. Alijiambia kwamba mtu mzima ana haki ya kuchagua. Lakini hakuweza kumaliza chai yake.

Asubuhi hiyohiyo alikwenda kumuaga shangazi yake, Mwanaidi, dada wa marehemu. Alimkuta anageuza papa juani.

"Kesho tunaondoka, shangazi. Mama hataki kuja nasi."

Mwanaidi aliacha kugeuza papa. "Nani kakwambia hataki?"

"Nilimwambia twende. Hakukubali."

"Ulimwambia kwa mdomo?"

"Kwa nini kingine?"

"Ewe msomi wa mvua isiyonyesha!" Mwanaidi alitupa papa juu ya chanja. "Nani asiyeweza kusema 'twende'? Mdomo si punda, haulishwi majani. Babu yako alipokuja kumchukua mama yangu, alikuja na punda wanne. Watatu wamebeba mizigo mpaka magoti yanatetemeka. Wa nne hakubeba hata kibuyu. Alitandikwa godoro, akaongozwa siku tisa, akinywa maji kama wenzake. Hapo mama akajua anatakiwa. Mwenye kuja na punda waliojaa wote, huyo amekuja kusalimia. Tunampikia, tunamuaga."

Bunu aliinama, akaanza kumsaidia kugeuza papa.

"Mama yako amekaa barazani siku tatu na bunda lake," shangazi aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Hakula vizuri kwa furaha. Ukaja, akachungulia ndani, akaona madumu. Ulitaka akuombe? Mtu mzima haombi kubebwa, baba."

"Lakini kiti kingekuwa wazi wakati wa kurudi."

"Yeye hakukuona wakati wa kurudi. Alikuona ukija."

Bunu alirudi, akamwita Mwanashee, wakapanda gari bila kumweleza mama jambo lolote. Walikwenda mpaka nyuma ya vilima vya mchanga, mahali ambapo kijiji hakionekani. Hapo Bunu akashusha kila kitu. Alijaza tangi. Madumu yaliyobaki aliyapandisha juu ya paa pamoja na magurudumu, akayafunga kwa kamba mara mbili. Hayakuenea yote. Dumu moja la maji na majamvi yote aliyaacha pale mchangani, akijua kwamba kwa hesabu yake mwenyewe tahadhari imepungua. Mwanashee alikipangusa kiti vumbi, akatandika khanga yake mpya, akaweka mto.

Kisha wakarudi Nchani kwa mwendo mdogo, kama watu wanaoingia kwa mara ya kwanza. Bunu alisimamisha gari mbele ya baraza, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akauacha wazi.

Bi Mwanatumu alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini. Alitazama kiti, khanga na mto, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mwanawe usoni, macho yakiwa yamejaa machozi.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Umefika lini?"

"Nimefika sasa hivi, mama."

"Ngoja basi, nikafunge bunda langu."

Ndiyo maana watu wa kwetu husema: mwenda kuchukua hubeba nafasi.