Vyungu vya Namkunda

Jicho lisiloulizwa halijibu. Mmeisikia sasa hivi mkanitolea macho. Haya, tulieni niwaambie ilikoanzia.

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Namkunda, kaolewa kwenye kilima cha wafinyanzi. Mama mkwe wake, Nanzia, ndiye aliyesimamia uchomaji: shimo moja la kuni na nyasi, wanawake wote wanachomea humo. Sasa vyungu vya Namkunda vilikuwa balaa. Vikipata moto vinapasuka, vigae vinaruka, vinavunja na vya wenzake. Wakasema ana mkono mbaya. Wakampa nafasi moja ya mwisho. Vikipasuka tena, asiguse udongo maisha yake yote.

Nanzia alishamwambia aangalie. Na aliangalia hasa, mwezi mzima: moshi, upepo, rangi ya moto, mpaka nani kaanza kukohoa. Hakuambulia kitu.

"Umeangalia nini?" Nanzia akamuuliza.

"Kila kitu, mama."

"Ndiyo maana hujaona kitu. Unatazama kama mbuzi anavyotazama harusi. Dhania jambo kwanza, halafu liulize jicho kama ni kweli."

Namkunda akadhania ni upepo. Akakumbuka vyungu vilipokaa: vya upande wa upepo vilipasuka, na vya upande wa pili navyo vilipasuka. Basi siyo upepo. Zamani angelia, safari hii alifurahi, dhana moja imeondoka. Akachambua vigae, akiuliza ufa ulianzia wapi. Vyote kwenye kitako! Vigae hivyohivyo alikuwa akivikanyaga kila siku.

Nyumba yake ilikuwa bondeni, chini ya kilima, kando ya mfereji, sakafu ya udongo haikauki kama za wenzake wa juu. Na kilimani pale chungu kibichi kilikaa wima mpaka siku ya moto, maana kukipindua ni dalili ya msiba. Akabandika shavu kwenye kitako cha chungu kipya. Baridi. Bado kina maji. Akapindua vitatu, vitatu akaviacha wima.

Nanzia alipokuja akasita mlangoni. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Nauliza."

Mama mkwe akavitazama vile vyungu vilivyolala kifudifudi, akaondoka bila kuvigeuza.

Siku ya kuchoma, vyungu vya Namkunda vilitengwa, vikawashiwa moto wao peke yao. Vile vilivyokaa wima vikapasuka, kimoja, cha pili, cha tatu. Vilivyopinduliwa vikatoka vyekundu, vizima. Nanzia akavigonga kwa kidole, vikalia vizuri kabisa.

Wanawake wakaulizana imekuwaje, wao wamezeekea kwenye moto ule na hawakuona kitu. Nanzia akachota udongo mbichi, bonge zima, akalitia mikononi mwa Namkunda mbele yao wote.

"Macho mlikuwa nayo," akawaambia. "Lakini jicho lisiloulizwa halijibu."