Kompyuta za Kupigia Picha

Katika Chuo cha Ufundi Lugembeni, wanafunzi wa kompyuta walijifunza kuchapa kwenye kibodi zilizochorwa kwenye manila. Mkurugenzi Rwezaura alipokuja na kompyuta arobaini, msaada wa kampuni yake kwa ubunifu wa teknolojia, mwalimu wao Sikudhani alishukuru kwa mdomo tu. Alishasikia kwamba kompyuta hizohizo zilipigwa picha katika vyuo vitatu, kisha zikapakiwa tena garini, eti zikakaguliwe.

Picha zilipokwisha, Sikudhani akasema, "Mkurugenzi, zikae karakanani zisipate vumbi. Wapakizi wako wakale pilau, nawe utuhutubie kidogo hemani."

Rwezaura hakuhitaji kubembelezwa. Alianzia siku aliyozaliwa. Alipofika darasa la nne akatazama saa, akataka kufunga.

Sikudhani akanyoosha mkono. "Baba, usituache njiani. La saba ulifauluje?"

Hema zima likapiga makofi. Mkurugenzi akavua koti, akaendelea.

Alipomaliza, akaagiza mzigo upakiwe. Wapakizi wakarudi mikono mitupu, wakamwita aje ajionee. Mgongoni mwa kila kompyuta, mafundi wanafunzi walikuwa wamechonga kwa herufi nene: MALI YA CHUO CHA UFUNDI LUGEMBENI.

"Sasa hizi nitazipeleka chuo gani kingine?" Rwezaura akauliza.

"Hakuna, baba," Sikudhani akamjibu kwa upole. "Ulipokuwa darasa la nne zilikuwa zimebaki kumi hazijachongwa. Ndiyo maana nikaulizia la saba."