Spika ya Bi. Asiatu

Waliokuwapo siku hiyo ni hawa, na msichanganye majina yao. Hemedi bin Saburi, fundi wa redio, aliyejaliwa mikono. Mbwana bin Salehe, dobi, ambaye wanga wake ulikuwa mwepesi hata mwenye kanzu hakuuhisi. Bi. Mgeni binti Pandu, mwimbaji wa zamani, ambaye akiwa jikoni alisikia uzi mmoja wa udi ukilegea barazani. Wa nne, Bi. Asiatu binti Mwinyihatibu, mgonjwa, aliyelala kitandani karibu na mlango akiwatazama.

Spika ilikuwa ya kikundi chao cha taarab, na desturi yao ilikuwa moja: nyumba iliyo na spika ndimo wanamokutana. Kwa miaka mingi ilikaa kwa Bi. Asiatu, nayo ikaharibika.

"Atakayeifanya iimbe tena, aichukue kwake," alisema.

Hemedi aliitaka kuliko alivyoonyesha. Tangu afiwe na mkewe, barazani kwake hapakukaa mtu ila paka.

Akaifungua. Waya wa koili, ule uliozungushwa duara nyuma ya spika, ulikuwa umekatika. Akauunga, akaiweka koili katikati ya sumaku isiguse upande wowote. Akawasha redio. Spika ikakoroma, kwa kuwa koni yake ya karatasi ilikuwa imetafunwa na mende.

"Umetuletea mashine ya kusaga," Mbwana akasema.

Hemedi akakasirika, akaipaka koni vanishi, akarudia, ili iwe imara. Ikakauka, ngumu kama sinia. Sasa spika ikanong'ona tu.

Mbwana akaiondoa vanishi kwa pamba na spiriti, taratibu, huku Hemedi akitazama pembeni. Akaziba matundu kwa karatasi nyembamba na wanga mwepesi, ukingo akauacha laini upate kucheza. Spika ikaimba. Lakini kila sauti nene ilipopita, kitu kikatetema ndani.

Hemedi akafungua, akafunga, akafungua tena. Hakukiona.

Bi. Mgeni akafumba macho. "Si koili, wala si karatasi. Ukingo umeachia fremu, upande huu wa mlango." Akaweka kidole. Pakatiwa gundi, na fidla ikatoka safi, kama mpigaji yumo chumbani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Bila koili yangu mngekuwa mnambandika maiti karatasi," Hemedi alisema.

"Koili yako ingeimba kwa mdomo upi, bwana? Ulikwisha kuuziba kwa vanishi," Mbwana akajibu.

"Bila mimi mngekuwa bado mnahangaika na skrubu," alisema Bi. Mgeni. "Tena baraza yangu ni pana."

"Ni pana, dada, lakini inavuja," Mbwana akasema.

Wakamgeukia Bi. Asiatu.

"Niacheni nisikilize," alisema. "Kesho nitawaambia."

Hemedi akarudi kwake, akafagia baraza, akapanga mikeka. Kisha akaikunja yote, akijichukia kwa kuitandika mapema.

Basi, nyinyi mliosikiliza: mmoja alirudisha uhai wa spika, mmoja alirudisha kinywa chake, mmoja alikiona kilichowashinda wenzake. Je, mngeamua ikae kwa nani? Msiseme aulizwe mwenyewe. Bi. Asiatu binti Mwinyihatibu alifariki asubuhi iliyofuata.