Cherehani ya Nyanjige

Kaeni, na leo msiniitikie, maana mkishaitikia mnasinzia. Leo nawataka muwe kama wazee wa baraza, wale wawili waliokuwa wakikaa na hakimu katika Mahakama ya Mwanzo, mmoja kushoto, mmoja kulia, kila mmoja na kura sawa na ya hakimu. Atakayelala tutamwacha alale, ila kesho asiniulize iliishaje.

Nyanjige alikuwa mjane mwenye watoto watatu na cherehani moja. Binti wa kwanza, Nkwimba, alipewa miguu: akianza safari hageuki. Wa kati, mwanawe wa kiume Masele, alipewa mgongo: ukimtwika hatui. Kitinda mimba, Limi, alipewa macho: karatasi yoyote yenye maandishi, hata iliyofungia vitumbua, ataisoma mpaka mwisho. Nyanjige mwenyewe alipewa ulimi, na hakuna aliyemshukuru Mungu kwa hilo.

Mumewe alipozikwa, shemeji yake Maduhu alikuja na wanaume wawili kuibeba cherehani.

"Mali ya marehemu ni ya ukoo, shemeji," alisema.

"Marehemu hakujua hata kutunga uzi," Nyanjige akamjibu. "Hiyo niliinunua kwa pamba yangu."

Wakaibeba. Kesho yake saa nne asubuhi Nyanjige akaenda kwa Maduhu, akajitwika cherehani kichwani, akapita nayo katikati ya gulio huku akiitikia salamu. Maduhu akaenda kushitaki wizi. Basi yeye akawa mlalamikaji, Nyanjige akawa mshitakiwa, na cherehani ikabandikwa karatasi, ikawa kielelezo.

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akamsomea shitaka. "Kwamba uliingia kwa Maduhu ukachukua cherehani. Ni kweli si kweli?"

Kwao Nyanjige, mtu akiulizwa mbele ya watu kuhusu jambo alilolifanya, hulikubali. Kukana ni tabia ya wezi. Akasema, "Ni kweli, Mheshimiwa. Niliichukua mchana, watu wakiniona. Cherehani ni yangu."

Hakimu aliandika yote, lakini masikio yake yalishasimama kwenye "ni kweli". Ana hatia, amekiri mwenyewe. Miezi sita gerezani. Nyanjige akamshukuru, akidhani amemaliza kusema ukweli na sasa anarudi nyumbani.

Sasa sikieni. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Akishindwa huko, iko Mahakama Kuu, na juu kabisa Mahakama ya Rufani, ambako sijasikia mtu wa kwetu amefika akiwa bado na meno. Ngazi ipo. Ila kipago cha kwanza kina siku thelathini. Ya thelathini na moja, umechelewa.

Nkwimba alikwenda kuomba nakala ya kesi, kutwa nzima kwa miguu. Karani akamwambia, "Njoo Jumatatu, dada." Alikwenda Jumatatu tatu. Ya nne akaketi kizingitini, karani akitaka kutoka lazima amruke.

"Dada, wewe huna kwenu?"

"Ninako. Nasubiri mwenye nyumba atoke gerezani."

Siku ya ishirini na sita ndipo alipopewa nakala. Jumatatu hiyohiyo washenga walikuja kumposa, wakakuta mlango umefungwa, wakasogea nyumba ya pili, na huko wakakaribishwa. Binti wa nyumba ya pili sasa ana mume.

Nakala aliisoma Limi. Alikuwa akiishi kwa Maduhu, baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akimsomesha. Wengine waliisoma mpaka "ni kweli" wakakunja, wakasema mama amejifunga mwenyewe. Limi akaendelea mpaka kwenye yale maneno matatu, "cherehani ni yangu". Akaketi kwenye meza ya Maduhu, kwa kalamu ya Maduhu, akaandika sababu za rufaa: anayechukua kitu akiamini ni chake hajaiba. Maduhu aliporudi akaona karatasi. Hakumpiga. Alikunja sare za shule, akazitia motoni jikoni, akamwonyesha mlango. Limi hajasoma tena. Ile karatasi Nkwimba aliifikisha Mahakama ya Wilaya siku ya thelathini, wanafunga madirisha.

Masele ndiye aliyekwenda gerezani, akamkuta mama anatema damu. Kusikilizwa kwa rufaa kungechukua miezi minne, na Nyanjige hakuwa na miezi minne ya kulala sakafuni. Masele akaomba dhamana. Akasimama mdhamini, akaweka maksai wake wawili: mshitakiwa akitoroka, wanataifishwa. Na sharti la mahakama, mama akae kwake. Akakaa. Kila siku alimuuliza mkwewe, "Huu ni ugali au udongo wa kukandika?" Mwezi wa pili mke wa Masele akaondoka na sufuria zote. Masele alinunua sufuria nyingine, akaendelea kumpikia mama, na mama akaendelea kuuliza.

Rufaa ikasikilizwa. Hakimu wa Wilaya akasoma nakala mpaka mwisho, akasema, "Huku si kukiri kosa. Hukumu inafutwa. Cherehani irudishwe kwa mwenyewe."

Nyanjige akarudi na cherehani yake, na kifua kikazidi. Alipolala kitandani akamwita Nkwimba peke yake. "Cherehani ni yako, mwanangu, kwa ile miguu yako." Akamwita Limi peke yake. "Ni yako, kwa macho yako." Akamwita Masele. "Ni yako, kwa mgongo wako." Hakuwa amechanganyikiwa. Alijua kwamba mwenye tumaini huleta uji wa moto. Alikunywa uji kutoka mikono mitatu kwa wiki tatu, akafa ameshiba.

Asiniambie mtu kwamba wangeshona kwa zamu. Walijaribu siku tatu. Ya nne Limi akang'oa gurudumu, akalala nalo.

Sasa wako tena Mahakama ya Mwanzo, kesi ya mirathi. Kikao cha ukoo kimemteua msimamizi, mtu wa kutunza mali mpaka mgogoro uishe. Kimemteua Maduhu. Cherehani imebandikwa karatasi upya, iko pale mezani. Nkwimba hana mume wala posa. Limi hana shule. Masele hana mke. Kila mmoja anasema, bila mimi mama angefia ndani, na hakuna anayedanganya.

Mzee wa baraza wa kushoto amesema, "Apewe Nkwimba. Bila nakala, Limi angesoma nini?"

Wa kulia amesema, "Apewe Limi. Nakala isiyosomwa ni ya kufungia vitumbua."

Hakimu amesema, "Apewe Masele. Rufaa ya maiti haisikilizwi."

Kura moja, moja, moja. Na hakimu ameshasema kwamba wasipopatana, kielelezo kitakaa kwa msimamizi. Maduhu yuko benchi la nyuma, amekuja na baiskeli na kamba.

Nyinyi mlioko hapa ndio kura iliyobaki. Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi, Maduhu ameshaanza kupiga fundo.