Chungu Kilichopaliwa

Hapo zamani, zamani za kale ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, wanyama walikuwa na nyumba, na jiko, na majirani wa kuwasema. Wewe unayemfinya mwenzako huko nyuma, acha, usije ukakosa utamu.

Katika kijiji cha Majabalini aliishi Bi Pimbi na wanawe. Mnamjua pimbi? Ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, hana mkia, ukimwona kwa mbali utasema ni sungura aliyekatwa masikio. Umbo lake lilikuwa dogo kweli, lakini jikoni hakuwa na mpinzani.

Kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani, kijiji kizima kilikula pamoja. Kila nyumba ilitoa kibaba cha maharage, na Bi Pimbi ndiye aliyepika. Wala hayakuwa maharage ya kuchemsha na kuepua. Akishayachemsha aliyaunga kwa kitunguu, nyanya, tangawizi, ukwaju na sukari guru. Kisha alikiteremsha chungu ndani ya shimo lenye makaa, akakifunika kwa mkungu, kile kifuniko kizito cha udongo, na juu ya mkungu akatandaza makaa mengine. Huko ndiko kupalia. Moto chini, moto juu, na katikati maharage yanaiva polepole kutwa nzima, mpaka mchuzi unakuwa mzito na mweusi na unanukia moshi.

Mwaka uliopita mambo yaliharibika. Pale Majabalini kulikuwa na mila kwamba mtu akiingia jikoni hanyimwi kuonja. Bwana Fisi na rafiki yake Nyati wakaingia, wakasema wamekuja kuonja chumvi. Bi Pimbi akafukua makaa, akawaletea kidogo kiganjani pale walipokaa mlangoni. Wakasema chumvi haijakolea. Akaongeza. Wakaonja tena, wakasema sasa imezidi, labda waonje cha chini. Mnajua wenyewe, mwonja asali haonji mara moja. Bi Pimbi akakiacha chungu wazi, akaenda kisimani kuteka maji, na aliporudi akakuta chungu kiko nusu na wale wawili hawapo.

Jioni ile chakula hakikutosha, watoto wengine wakalala na njaa. Fisi akasimama mbele ya watu, mchuzi bado uko kwenye sharubu, akasema Bi Pimbi ameficha maharage ya kijiji kwenye nyufa za mawe yake. Nyati akaitikia kwamba ni kweli tupu. Nani angebishana na pembe zile? Tangu siku hiyo wana wa Bi Pimbi wakawa wanaitwa watoto wa mwizi, wanarudi nyumbani wanalia. Mama anaweza kuvumilia mengi, jamani, lakini hilo lilimchoma.

Mavuno yalipoingia tena, Mzee Ndovu, mkuu wa kijiji, akawaita wote. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa kusikitika tu. Akasema sikukuu itafanyika na mpishi ni yule yule, maana hakuna mwingine anayejua. Lakini chungu kikipungua safari hii, Bi Pimbi achukue wanawe na kuhama Majabalini.

Bi Pimbi akasimama.

"Nimekubali, baba. Lakini nami nina sharti langu. Mwaka huu hakuna kuonja. Chungu kikishawekwa motoni, mtu asifunue kitu pale jikoni kwangu mpaka nikifunue mimi mbele yenu nyote."

"Na mtu akifunua?" Fisi akauliza.

"Chungu hupaliwa, Bwana Fisi. Akifunua kabla ya wakati, atapaliwa yeye."

Watu wakacheka. Mmeelewa kwa nini? Chungu hupaliwa makaa, na mtu naye hupaliwa: chakula kikikosea njia kooni ukakohoa mpaka machozi yakakutoka, basi umepaliwa. Wakadhani anawatania kwa maneno. Fisi akacheka kuliko wote, hi-hi-hi, mpaka akashika mbavu. Mzee Ndovu akapiga mguu chini, di! Sharti likawa sheria ya kijiji.

Siku ya sikukuu Bi Pimbi alidamka mapema. Akachimba shimo lake, safari hii refu kuliko siku zote. Akatia makaa, akakiteremsha chungu cha maharage kimejaa mpaka shingoni, akakifunika kwa mkungu, akapalia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Juu ya makaa yale ya juu akateleka chungu cha pili, kikubwa vilevile, nacho akakifunika vizuri.

Alitia nini humo? Msiniharakishe, tutafika.

Sasa ukisimama pale jikoni ungeona makaa, na chungu juu ya makaa, basi. Chungu cha chini kilikuwa kimezama ardhini, kimefukiwa na moto wake mwenyewe.

Alasiri jua lilipoanza kushuka, Fisi na Nyati wakafika na marungu begani. Fisi akaeleza kwa maneno marefu kwamba wezi wamekuwa wengi siku hizi, na kwamba wao wawili, kwa mapenzi waliyonayo kwa kijiji, wameona waje kulinda jikoni.

"Ahsanteni, kaka zangu," Bi Pimbi akasema. "Mmekuja wakati mzuri, nilikuwa nataka kwenda kisimani. Nawaomba kitu kimoja tu. Hicho chungu mnachokiona juu ya makaa, msikifunue."

"Dada, unatuvunjia heshima," Fisi akasema. "Sisi ni wa kuambiwa hivyo?"

Angalieni, Bi Pimbi hakusema uongo hata neno moja. Alimkataza Fisi, na kumkataza Fisi ni sawa na kumwalika.

Akabeba mtungi, akawaita wanawe, wakashika njia ya kisimani. Walipopita jiwe kubwa akawakalisha nyuma yake, akawaambia wakae kimya. Yeye mwenyewe akatega sikio. Je, kama Nyati atakanyaga shimoni na kwato zake zile? Je, kama Fisi atanusa vizuri akaanza kufukua? Aliwatazama wanawe, akawaza njia ndefu ya kuhama na mawe ya ugenini.

Kule jikoni harufu ilikuwa inapanda. Ukwaju, tangawizi, moshi. Ilipita kwenye majivu, ikazunguka chungu cha juu, ikaingia puani mwa Fisi. Mate yakaanza kumdondoka, cho, cho, cho.

"Ndugu yangu Nyati," akasema, "mlinzi asiyejua anachokilinda, anakilindaje?"

Nyati akafikiri. Nyati akifikiri huchukua muda. "Kweli. Lakini si tutapaliwa?"

"Maneno ya pimbi hayo. Umewahi kuona neno likamkaba mtu? Tunakula tonge moja wewe, tonge moja mimi, tunafunika. Nani atajua?"

Wakakubaliana tonge moja moja. Lakini mwizi hamwamini mwizi mwenzake. Fisi akawaza kwamba mdomo wa Nyati ni mkubwa, tonge lake moja ni bakuli zima. Nyati akawaza kwamba Fisi humeza bila kutafuna. Kifuniko kikaondolewa. Ndani kulikuwa na giza, maana chungu kilikuwa kirefu, na harufu ilikuwa imejaa kila mahali. Hakuna aliyechungulia. Kila mmoja akaogopa kutanguliwa, na wote wawili wakatumbukiza vichwa kwa pamoja, midomo wazi, wakavuta pumzi.

Fuuu!

Haya, sasa nawaambia. Humo Bi Pimbi alitia mahindi makavu, aliyoyakaanga na kuyasaga yakawa unga laini kama vumbi la njiani, tena unga wenyewe wa moto, na ndani yake amechanganya pilipili kichaa iliyosagwa.

Kho! Kho! Kho! Nyati alikohoa, na kila alipokohoa alivuta unga mwingine. Chyaa! Fisi akapiga chafya, vumbi likapanda. Wakatoa vichwa wakiwa weupe mpaka masikioni, machozi yanachora mistari mashavuni. Waliokuwa wakipiga ngoma uwanjani wakasikia, wakaacha ngoma, wakaja mbio. Bi Pimbi naye akatoka nyuma ya jiwe na wanawe.

Mzee Ndovu akasimama mbele yao. "Mmepatwa na nini, wanangu?"

Fisi alikuwa bado anautafuta uongo wa kusema. Nyati hakujua kuutafuta. Akajibu kama mtu yeyote angejibu:

"Tu... kho... tumepaliwa, mzee."

Watu wakatazamana, neno likawaingia mmoja baada ya mwingine. Halafu kicheko kikalipuka, wengine wakakaa chini kwa kucheka.

Lakini Fisi ni Fisi. Alipopata pumzi alijipangusa uso, akanyoosha kidole.

"Chekeni! Mnaicheka njaa yenu wenyewe. Humu hamna hata punje ya harage. Ni unga mtupu. Pimbi ameyaiba tena!"

Kicheko kikakatika. Mzee Ndovu akasogea, akachungulia chunguni, akaona unga. Uso wake ukabadilika. Wana wa Bi Pimbi wakaishika kanga ya mama yao, maana waliyajua macho yale ya watu, walikuwa wameyaona mwaka mzima.

"Bi Pimbi," Mzee Ndovu akasema taratibu, "maharage ya watu yako wapi?"

"Yapo mahali pake, baba. Ila kwanza nimuulize Bwana Fisi. Amejuaje kilichomo chunguni?"

"Nilichungulia tu," akasema Fisi.

"Kwa ulimi?"

Fisi akafumba mdomo, na unga ukambakia midomoni.

Bi Pimbi akakiepua chungu cha unga, akakiweka kando. Akachukua jembe, akayasogeza makaa. Watu wakashangaa anafukua nini motoni. Akapangusa majivu, mkungu ukaonekana. Akakunja matambara mkononi, akaufunua.

Mvuke ukapanda. Chungu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, maharage yamelainika, mchuzi mweusi unatokota kidogo kidogo, bluk, bluk, kama mtu anayezungumza usingizini. Fisi alitazama mkungu, akatazama makaa, akatazama mkungu tena.

"Moto... juu ya chakula?" akauliza kwa sauti ndogo.

Maskini, maisha yake yote alikuwa mlaji, hakuwahi kuwa mpishi. Mwaka jana aliletewa kiganjani, kisha akakikuta chungu kiko wazi, hakujisumbua kuuliza kilikuwa kimefunikwa na nini. Alijua moto mmoja tu, ule wa chini. Alikuwa amesimama juu ya maharage muda wote ule, pua inamwambia, tumbo linakataa kusikiliza.

Mzee Ndovu akawageukia watu. "Mwaka jana tulimwita nani mwizi?"

Kila mmoja akatazama miguu yake. Mzee Ndovu akainama mpaka mkonga ukagusa majivu, akasema, "Tuwie radhi, mama. Nanyi pia, wajukuu zangu, mtuwie radhi."

Bi Pimbi alikuwa amejiandalia maneno mengi ya siku hiyo. Yote yakampotea. Akafuta macho kwa pindo la kanga, akasema ni moshi, kisha akashika upawa na kuanza kupakua.

Watoto wakapakuliwa kwanza, wanawe wakiwa wamechanganyika na wenzao, hakuna wa kuwaita tena watoto wa mwizi. Wakala wazee, wakala wageni, na chungu kikatosha. Fisi na Nyati walikaa mwisho kabisa wa jamvi, na vyombo vyote vya sikukuu vikiwangoja wavioshe. Walidhani hawatapata kitu. Lakini Bi Pimbi akawafuata na sahani mbili zilizojaa, akaziweka mbele yao.

"Kuleni taratibu, kaka zangu," akasema, "msije mkapaliwa."

Nami hadithi naifunika mkungu hapa hapa: asiyesubiri chungu kilichopaliwa, hupaliwa yeye.