Mwanamume Aliyejitwika Ndoo

Wapendwa, mlimani, kule ambako bomba la maji halijafika, paliishi mwanamume mmoja aliyejivunia kichwa cha mkewe. Sisemi akili, ingawa hiyo nayo mama alikuwa nayo. Nasema kichwa chenyewe! Mama yule alipandisha ndoo kutoka mtoni bila kuishika, mikono inasuka kamba ya mgomba, mdomo unaimba. Mumewe akiwa na wenzake dukani huwaambia, "Mke ni yule. Nyinyi wengine sijui mmeoa nini," na kifua kinamjaa kana kwamba ndoo ameibeba yeye.

Ikaja homa, ile ya virusi inayoletwa na mbu. Mama akalala. Na mnatujua sisi kwa wagonjwa: uji ukaja, machungwa yakaja, maombi yakaja. Homa ikashuka, mama akashika ufagio. Basi! Tulipomwona na ufagio, wote tukarudi makwetu.

Lakini kichwa kilibaki na maumivu. Kiligonga mchana kutwa kama mtu anatwanga kisamvu ndani yake. Vidole vikashikwa na ganzi. Alisimama jikoni akitafuta chumvi, na chumvi anayo mkononi. Nesi wa zahanati akamwambia, "Virusi vimeondoka, mama, lakini mishipa ya fahamu bado haijatulia. Wengine huchukua miezi. Pumzika." Pumzika! Nani atakuruhusu upumzike nawe unatembea? Majirani wakaanza: anadeka huyo. Mumewe akayasikia, na kilichomuuma zaidi ni fahari yake.

"Maji hakuna tena?" akauliza asubuhi moja.

"Kichwa, mume wangu."

"Kichwa, kichwa! Homa si ilikwisha? Wewe umepona."

Mama alichukua ndoo akashuka mtoni. Mume akabaki ananung'unika, hadi akaona mkewe amekawia mno, akamfuata. Alimkuta kwenye njia panda, ndoo imejaa kichwani, ameishika kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. Na mama huyo kazaliwa mlima ule ule, kapita hapo tangu utoto.

"Mume wangu," akamwambia, "njia ya nyumbani ni ipi?"

Wapendwa, ungekuwa wewe ungesema nini? Yule bwana aliona haya, haya ya kweli. Akamtua mkewe ile ndoo, akajitwika mwenyewe, wakashika njia pamoja.

Sasa, kule mwanamume habebi maji kichwani. Kwa baiskeli, sawa. Kwa punda, sawa. Kichwani ni mwiko! Na njia inapita pale pale dukani, wenzake wote wamekaa. Angeweza kuzunguka kwa nyuma, migombani. Hakuzunguka. Alipita mbele yao, maji yanamwagika, shati limelowa chapachapa, shingo inatetemeka.

"Bwana wee, umelishwa nini?" wakamcheka. "Huoni aibu?"

Akasimama. "Aibu nilikuwa nayo asubuhi, nilipomwambia amepona. Mimi kichwa changu ni kizima, na mnaona maji yanavyonishinda. Huyu ameyafikisha njia panda na kichwa kinampasuka! Mtazameni vizuri. Najivunia kutembea naye."

Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu homa, akacheka. "Twende, baba watoto," akasema, "kabla hujayamaliza yote." Wakapanda.

Hakupona siku ile, nisiwadanganye. Kichwa kiliuma hadi mahindi yakavunwa, kikaacha kidogo kidogo. Na siku zote hizo bwana alipita dukani na ndoo yake, mchana kweupe.

Je, sisi? Sisi ni hodari wa kumtembelea aliyelala. Akisimama tu, tunamkabidhi jembe. Huyo aliyekaa karibu nawe sasa hivi, aliyejifunga kitambaa kwenye paji la uso, unadhani ni urembo? Usimwambie amepona. Muulize, "Kichwa kimeamkaje?" kisha ngoja akujibu. Na ukijitwika mzigo wake usipite migombani, ndugu yangu. Inua shingo, pita katikati ya njia, hata ukilowa. Wanaocheka wamekaa, wewe unampeleka mtu nyumbani.