Kanuni ya Fisi na Chungu cha Uji

Hadithi yangu ina njaa, basi isikilizeni kabla haijatula sote.

Mvua ilikataa miaka miwili katika bonde la wanyama. Simba, mfalme asiyependa kukosolewa, aliagiza akiba yote ya mtama iwekwe pamoja. Kila asubuhi ulipikwa uji katika chungu kimoja, na kila mnyama akapewa upawa mmoja, awe Tembo, awe Panya.

Upawa mmoja kwa Fisi! Jamani, si matusi hayo? Akaokota miwani isiyo na vioo, akaivaa, akaenda kwa Simba na kuchora mistari mchangani.

"Mfalme mtukufu, mimi sasa ni mtaalamu wa uchumi. Uchumi ni sayansi kamili, haina ubishi. Kanuni yake ni hii: mmoja akishiba sana kwanza, shibe humwagikia wengine. Mwenye akili kama zako ameshaelewa."

Simba hakuelewa hata mstari mmoja, lakini angekiri vipi? "Nilijua zamani," akanguruma. "Fisi ale kwanza."

Fisi akala, akalamba hadi kingo za chungu. Siku tatu wenzake waliambulia ukoko. Mama Digidigi maziwa yakamkauka, mwanawe akawa hawezi hata kusimama. Akalia mbele ya baraza, "Mfalme, mwanangu anakufa!"

"Kanuni haijakosea," Fisi akasema huku akicheua. "Ni mimi tu sijashiba vya kutosha. Nipikieni na jioni."

Sungura akakuna sikio. "Bwana Mtaalamu, wengine wakishiba?"

"Kanuni imethibitika."

"Wakifa?"

"Basi nilikula kidogo."

"Makubwa! Sayansi gani hiyo isiyoshindwa hata siku moja? Maji huchemka kwa yeyote anayeyabandika motoni. Mfalme, turudie jaribio vilevile, tubadilishe kitu kimoja tu: anayekula kwanza awe Mama Digidigi, na Fisi asubiri kumwagikiwa."

Fisi akakohoa. "Aa, mambo ya uchumi hayajaribiwi ovyo..."

"Mimi nimeshasema kanuni ni kweli," Simba akafoka. "Unataka nionekane mwongo? Jaribu!"

Mama Digidigi akala mpaka akatosheka, na wengine wakafuata. Mtoto akanyonya, akasimama kwa miguu inayotetemeka, na mama yake akalia kwa furaha. Fisi akapewa ukoko. Siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili, jua la utosi, akajigaragaza barazani.

"Mnaniua! Ukoko haushibishi! Ni mwongo gani aliyesema shibe ya mwenzio inakumwagikia?"

Baraza likaangua kicheko. Simba, kwa aibu na hasira, akamnyang'anya miwani na kumfukuza bondeni. Kisha akamnong'oneza Sungura, "Kwani uchumi si sayansi?"

"Ni sayansi, mfalme, pale mtaalamu anapokubali kujaribiwa kwa tumbo lake mwenyewe."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.